Safari Ambazo Mlinzi Hakuziandika

Yule binti alianza na kuni zangu. Alikuja jikoni asubuhi, viatu vyeupe, begi mgongoni, akanisalimia kwa Kihaya huku amepiga goti kidogo kama mtoto aliyefunzwa kwao, halafu akasema, "Bibi, naomba nipime kuni zako."

Nikamwangalia. Nimepika uji na chai ya wafanyakazi pale kiwandani Nyanga tangu ile mashine ya kwanza ya kukoboa kahawa ingali hai, na hakuna mtu aliyewahi kutaka kujua kuni zangu zina uzito gani. Nikamwambia mama mkwe wangu alishakufa zamani, na hata yeye na ukali wake wote alikuwa anakagua masufuria tu, kuni hakugusa. Binti akacheka, lakini hakuondoka. Akafunga mzigo wa kuni kwa kamba, akaubeba mwenyewe mpaka kwenye mizani ya kahawa. Mpimaji akakataa, akasema mizani ile ni ya kahawa, tena kahawa iliyokauka. Wakabishana pale wee, mwisho kuni zangu zikapanda mizani kama mheshimiwa, na binti akaandika.

Baadaye akatueleza. Kampuni inauza kahawa nje ya nchi, na wale wanunuzi sasa wanataka kujua kampuni inatoa moshi kiasi gani kwa mwaka, ule moshi unaopanda juu ukaharibu mvua. Kwa hiyo kila kinachoungua lazima kihesabiwe. Kuni za uji, mafuta ya jenereta, umeme wa mashine, dizeli ya lori. Hata magunia akauliza yanatoka wapi. Akapita kwa kila mtu akiuliza anakuja kazini na nini. Alipofika kwangu nikamwambia nakuja na miguu miwili, na huu wa kushoto ndio unatoa moshi zaidi. Akaandika kitu, akauliza, "Kwenda na kurudi, bibi?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Ukimtajia safari yoyote, hata ya kwenda kununua chumvi dukani, lazima akuulize kwenda na kurudi. Anasema watu wengi wanataja kwenda tu, wakasahau kwamba gari linarudi, na linaporudi linakunywa mafuta vilevile.

Mchana wa siku hiyo nilimwiga mezani. Sisi wanawake tunakaa kwenye meza ndefu tunachambua kahawa, punje nyeusi huku, iliyotobolewa na mdudu huku, nzima huku, na mimi uji ukishaiva nakaa nao. Nikainua shingo, nikaishika kalamu ya hewani, nikapandisha sauti mwishoni kama mtu anayekanyaga ngazi. "Kwa wiki, bibi, au kwa mwezi? Makadirio tu, bibi. Kwenda na kurudi?" Wenzangu wakalala juu ya kahawa kwa kucheka. Kumbe mwenyewe kasimama mlangoni. Nilidhani atanuna. Akaja akakaa juu ya gunia, akacheka mpaka akafuta macho, akaniomba nimwige tena. Nikampenda hapo.

Mimi sikusoma. Wenzangu wanaweka mambo kwenye karatasi, mimi nayaweka kwenye sauti. Ukiniuliza kuni za siku ya mvua ya mawe zilikuja tarehe ngapi, sijui. Lakini nitakuambia aliyezileta alisema nini alipokuwa anashusha, na alikohoa mara ngapi. Meneja wetu namjua kwa "kimsingi" yake, hawezi kusema hata amesikia njaa bila kuanza na kimsingi. Mlinzi wa getini anasemea puani, polepole, kama anayetafuta neno chini ya kiti. "Simama hapohapo. Wewe nani? Ah, ni wewe." Watu hunitajia mtu, namtoa kwa sauti yake, wanacheka.

Kuna mmoja tu sikuwa namtoa, na wale wa mezani walijua, hawakuniomba.

Mwanangu alikuwa dereva wa lori la pale. Lori moja, kampuni ni ndogo. Alileta kahawa ya maganda kutoka kwa wakulima, Ijumbi na huko mbele, akaliendesha lori hilo miaka mingi, halafu kifua kikamlaza, na wiki tatu baadaye tukamzika kwetu Ijumbi. Tangu siku hiyo sauti yake sijaitoa. Mama yangu alituambia tukiwa wadogo kwamba marehemu haigwi. Ukimwiga anageuka njiani, anasimama kusikiliza nani anamwita, na safari yake inachelewa. Sijui kama ni kweli. Sikutaka kujaribia kwa mwanangu.

Yule binti hayo hakuyajua. Alitoka ofisi ya watu wa hesabu hizo, mjini Bukoba, na hakuna aliyemwambia mpishi ni mama wa nani.

Sasa, hesabu yao ina mambo. Wanachagua mwaka mmoja unakuwa wa kuanzia, halafu miaka yote inayofuata wanailinganisha na huo, kama moshi umepungua au umeongezeka. Meneja aliwachagulia mwaka ambao karatasi zake zilikuwa hazijaliwa na mchwa. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa mwanangu. Binti alifunguliwa stoo, akakaa humo siku tatu na boksi la risiti za dizeli na daftari la getini, lile ambalo mlinzi anaandika lori limetoka saa ngapi, linaenda wapi, limerudi na nini. Saa ya kilomita ya lori ilikufa zamani, kwa hiyo kilomita alizitafuta mwenyewe. Anasoma "Ijumbi" kwenye daftari, anatazama kwenye simu ni umbali gani, anazidisha mara mbili.

Siku ya tatu, Jumatano, alitoka stoo na vumbi kwenye nyusi, akaja mezani kunywa uji. Akasema amechoka. Tukamuuliza amechoshwa na nini, kukaa. Akasema lori la mwaka ule lilikunywa mafuta mengi kuliko safari zake. Mengi sana. Amehesabu mara nne. Mwenzangu mmoja akamkanyaga mguu chini ya meza, lakini yeye akadhani ni bahati mbaya, akavuta mguu, akaendelea.

"Nimemuuliza meneja. Anasema yule dereva wa zamani alikuwa anauza mafuta njiani, ila kwa vile amekufa hawakufuatilia. Nitaandika tu kwenye maelezo kwamba yaliyozidi yaliibwa na dereva, basi. Ijumaa natuma."

Pale mezani unasikia kahawa tu ikidondoka kwenye makopo. Nilikuwa na punje nyeusi kati ya vidole na sikumbuki niliitupa saa ngapi. Binti akamaliza uji, akanishukuru, akasema uji wangu una tangawizi nzuri, akarudi stoo.

Mwenzangu mmoja akaniita mama kwa Kihaya, kwa upole, "Mae, mwambie." Nikamjibu tuendelee na kazi.

Nilijua yale mafuta yalikwenda wapi. Ndiyo maana nilinyamaza.

Huku kwetu mtu hazikwi alipofia. Anarudishwa kwenye kibanja cha baba zake, hata kama kibanja chenyewe kimebaki migomba mitatu na ua umeanguka. Sasa watu wengi wanakuja kufia hospitali ya Bukoba, na kwao ni Muleba, tena Muleba ya kule chini, Kimwani, ambako kwa lori ni karibu siku nzima. Mwenye uwezo anakodi gari. Asiye na uwezo anazunguka mji mzima na khanga kichwani akiuliza nani ana gari linaloelekea huko. Na lori letu lilikuwa linaelekea huko.

Wakawa wanakuja jikoni kwangu, kwa sababu dereva alikuwa anakula kwangu. Hawasemi moja kwa moja. Wanakaa, nawapa kahawa za kutafuna, wanauliza habari za mvua, wanauliza senene, wale panzi wa kuliwa, mwaka huu wameangukaje, mpaka mmoja anaishiwa na maneno. Mwanangu anaendelea kula ndizi zake. Hamuulizi aliyekufa ni nani wala kwao ni mbali kiasi gani. Alikuwa na maneno matatu ya kuwajibu, hayohayo kila mara, halafu ananawa mikono.

Kahawa ingesubiri Ijumbi au popote, na lori likaendelea na mgeni wake mpaka kwao. Kesho yake likapitia tena kuchukua magunia. Kwenye daftari la getini imeandikwa Ijumbi. Ya mbele ya Ijumbi hayapo. Safari nyingine lilitoka Jumapili, na hiyo haikuandikwa kabisa.

Ofisi ilikuwa imekataza lori kubeba watu. Lakini si hilo lililofanya mlinzi asiandike, maana yule mlinzi anaandika hata mbwa akipita. Aliniambia mwenyewe siku moja. Daftari lake lina mstari wa mzigo. Aandike nini pale? Magunia mangapi? Alisema akishika kalamu anaona aibu, ni kama anamtia mtu wa watu kwenye hesabu ya kahawa. Basi anafunga daftari, anaweka chini ya kiti, anasimama, anavua kofia mpaka lori lipite. Sisi wote tungefanya vilevile. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba iko siku mtu atakuja kuhesabu moshi, na hilo daftari lililofungwa litasema uongo.

Jioni ile nilitembea nyumbani na mguu wangu wa kushoto. Nilifikiri hivi. Nikisema, mlinzi ataulizwa, na bado miaka miwili apumzike. Nikinyamaza, mwanangu anaandikwa mwizi. Tena si kwenye daftari la getini ambalo panya watalimaliza. Anaandikwa kwenye ile hesabu ya kuanzia, ambayo kila mwaka watu watarudi kuifungua waangalie. Hata nikifa mimi, mwaka utafika, watafungua, watasoma: dereva wa zamani, wizi.

Alhamisi nilianza na mlinzi. Nilimpelekea chai getini, nikamweleza yote. Akashika kikombe bila kunywa.

"Ukisema, mama, na mimi nimekwisha," akasema, puani hivyohivyo.

Nikamwambia najua, ndiyo maana nimekuja kwake kabla ya kwenda ofisini. Akatazama barabara. Pikipiki mbili zikapita na mikungu ya ndizi. Akaanza kunywa chai yake, akainywa yote mpaka majani, na mimi nimesimama tu.

"Sema," akasema. "Lakini useme nilikuwa navua kofia."

Tukaenda wote. Meneja alikuwa na yule binti ofisini, kompyuta imefunguliwa, karatasi zimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo nikabaki nimesimama. Meneja akaniuliza kama sukari imekwisha. Nikamwambia sukari ipo. Nimekuja kwa ajili ya dizeli.

Binti akacheka kidogo, akidhani ni utani wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, huyo dereva unayemwandika, nilimzaa mimi."

Akaweka kalamu chini. Akaangalia ile kalamu kama imemuuma. Halafu akasema, "Bibi, mbona hukuniambia jana pale mezani?"

"Ulikuwa unakula," nikamjibu.

Meneja akaanza na kimsingi zake, kwamba kimsingi hakuna anayemhukumu marehemu, kimsingi ni hesabu tu, namba lazima zikae sawa. Alisema vizuri, si mtu mbaya. Nikamwacha amalize. Halafu nikamwambia namba zitakaa sawa, ila mimi namba sina. Nina watu. Nitawatoa mmoja mmoja, na huyu binti aandike walikopelekwa.

Nikaanza na mzee wa Kimwani aliyefiwa na mke. Huyu alikuwa na sauti inayokatika katikati, anavuta pumzi, anaendelea alipoachia. Nikamtoa vile alivyokaa kwenye kigoda changu. "Gari lolote, waitu, jamani. Hata la ng'ombe. Yeye hakuwa na maringo." Binti akauliza Kimwani ya wapi, nikamwambia kupita madaraja ya mashamba ya mpunga, nyumba za mwisho. Akaangalia kwenye simu. "Kwenda na kurudi," akasema, safari hii hakuuliza, akaandika.

Nikatoa wanakwaya wawili wa Kilutheri waliokuja kumwombea gari mwinjilisti wao, mmoja akianza neno na mwenzake akilimalizia, kama bado wako kwenye wimbo. Huyo alikwenda Muleba, juu kule. Nikamtoa mvuvi wa visiwani, si mtu wa huku, Kiswahili chake kizito kimejaa Kisukuma, aliyekuwa na mwenzake kafa hospitali na kwao mwenzake ni ng'ambo ya ziwa. Alitaka mwenzake afikishwe mwaloni tu, kule ufukweni, ampakie mtumbwini. Alikuwa mtu mkubwa ana mikono kama makasia, na alipokuwa ananiomba alikuwa anaongea na sufuria, hanitazami. Nikasema na chungu cha maua cha meneja, vilevile.

Nikamtoa msichana mmoja wa Ijumbi aliyefiwa na kitoto chake. Huyo sauti hakuwa nayo. Nilikaa tu alivyokaa, mikono imekunjwa hivi, khanga imefungwa vizuri. Kile kitoto hakikupanda nyuma ya lori. Alikaa nacho mbele, na mwanangu alizima redio. Hilo la redio alinisimulia mwenyewe. Mlinzi akasema ni kweli, alikiona kikipita dirishani, na akageuza uso ukutani hapo ofisini.

Kila nilipomtoa mtu, nilipofika mahali mwanangu alipojibu, nilinyamaza. Binti alikuwa ananitazama, anasubiri, anaona sijibu, anaandika mahali. Tukaenda hivyo wa tano, wa sita, wa saba. Wengine nilisahau kijiji, mlinzi akanikumbusha. Wengine mlinzi aliwasahau kabisa, mimi nikawatoa, akasema ehee, yule mwenye kiatu kimoja.

Wa kumi ilibidi nipumue kwanza. Nilikuwa sijawahi kumwiga meneja mbele ya meneja. Nikasafisha koo kama yeye. Nikaweka mikono nyuma kama yeye. Nikasema, "Kimsingi, kaka, nina shida. Shangazi yangu, aliyenilea. Nimetafuta gari tangu asubuhi. Najua mimi mwenyewe ndiye niliyekataza."

Halafu nikanyamaza mahali pale pa kunyamaza.

Meneja alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, haina kimsingi, "Akaniambia, 'Saa ngapi tunatoka?'"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno matatu ya mwanangu.

Meneja akatueleza. Alidhani ni ile ya shangazi yake tu. Siku zote alidhani mwanangu alivunja sheria mara moja, kwa ajili yake yeye bosi, na kwamba hayo mafuta mengine yalikwenda pabaya. Hakufikiri kwamba mtu anaweza kuwajibu wote maneno yaleyale. Na hiyo ya shangazi hakuiandika, wala hakumwambia binti, kwa aibu. Akaniomba samahani, kwa Kihaya, kama anavyoombwa mama. Nikaipokea. Sikumtania. Nilikuwa nayo ya kumtania mdomoni, nikaimeza.

Alipomaliza wa kumi na moja, binti akajumlisha. Akajumlisha tena. Hazikukaa sawa kabisa, zilibaki lita kidogo. Mlinzi akasema ni matope, mvua za masika lori likizama linakunywa bila kwenda popote. Binti akasema inawezekana, akaiandika hivyo, matope. Labda ni matope. Labda kuna siku alimpa mtu kidumu, alikuwa na mkono mwepesi yule mtoto. Mama hajui kila kitu, na sitasema najua.

Meneja akauliza sasa wale wanunuzi wataonaje, kampuni ya kahawa imeandika misiba. Binti akamjibu vizuri sana. Alisema, "Wataona kilomita. Mafuta yaliungua, meneja. Kazi yangu ni kuandika yalikoungulia." Akafuta lile neno wizi. Alinionyesha anavyolifuta, herufi moja moja zikirudi nyuma kwenye kioo mpaka pakabaki peupe. Sijui kusoma, lakini peupe napaona.

Akauliza aandike nini mahali pa mzigo. Mlinzi ndiye aliyesema aandike mtu. Basi. Mtu mmoja. Akaandika hivyo mara kumi na moja.

Akaanza kukusanya karatasi zake. Nikamwambia akae, kuna wa kumi na mbili.

Akafungua tena. Akaniuliza nani alikuja kuomba. Nikamwambia huyu aliyekuja kuomba ni mimi.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka uleule. Meneja alikuwa amesafiri. Mwanangu alifia hospitali saa za asubuhi, na lori limesimama uani, halina wa kuliendesha. Mlinzi ndiye aliyetoa ufunguo. Tukapata dereva wa kuazima, wa kampuni nyingine, nikaenda kumwomba mimi mwenyewe, na sikuzunguka kwenye mvua wala kwenye senene, sikuwa na nguvu hizo. Yule dereva alikuwa na haki ya kuuliza. Akauliza ni wapi, barabara ikoje, mzigo una uzito gani. Nikamjibu yote. Tukapanda, mimi nyuma kwenye mkeka pamoja na mwanangu, nimeshika jeneza kwenye kona. Lile lori nalijua sauti zake zote, na siku ile lilipanda milima vibaya, mikono haikuwa yake. Njia nzima nilikuwa nasubiri kitu, sikujua nini. Tumeshafika, tumeshashusha, ndipo nikajua. Watu wote wale walijibiwa maneno matatu. Yeye hakuna aliyemjibu.

Nikawaambia hivyo pale ofisini. Halafu nikakaa kwenye kile kiti cha karatasi, nikazikalia karatasi zao, nikaweka mkono kama nimeshika ndizi, nikatafuna, nikameza. Sikuwa na uhakika kama sauti bado ipo. Miaka miwili si kidogo. Nikafungua mdomo.

"Saa ngapi tunatoka?"

Ilikuwepo. Nzito, ya chini, na ile mikwaruzo kidogo ya kifua. Mlinzi akavua kofia. Dirisha lilikuwa wazi, na huko mezani wenzangu walikuwa wanaongea, wakaacha kuongea. Kama aligeuka njiani, basi aligeuka. Nadhani alikuwa ameshafika mbali, asingechelewa sana.

Binti alichukua muda kupata kalamu. Akaandika Nyanga, akaandika Ijumbi, akaandika mtu mmoja. Akaangalia umbali kwenye simu ingawa alikuwa ameshauangalia mara nyingi siku zile. Halafu kwa mazoea tu, na nilimwona anajuta neno likiwa limeshatoka, akauliza, "Kwenda na kurudi, bibi?"

"Lori lilirudi," nikamwambia. "Andika."